Wali wa Jenerali na Gari Lisilonguruma

Siku lile gari la umeme lilipoletwa uani kwetu, nilisema mbele za watu kwamba mimi gari lisilonguruma siliamini. Nilisema mbele ya Mwalimu, nikasema mbele ya mpishi, nikasema na mbele ya yule mhandisi wa kampuni ya magodoro aliyelileta mwenyewe, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, mpole, shati limenyooka. "Hili ni gari au ni friji limewekewa magurudumu?" nikauliza. Watu wakaangua kicheko. Mhandisi akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Ndivyo nilivyo. Neno likinijia mdomoni sina pa kulihifadhi. Lakini hapa nianze vizuri, msije mkadhani mimi ni mgomvi tu.

Sisi tunapika chakula cha mchana na kuwapelekea nyumbani wazee na wagonjwa wasioweza tena kusimama jikoni. Nyumba sabini na mbili, kila siku ya kazi. Aliyeanzisha jambo hili ni Mwalimu, mama mstaafu aliyeanza na jirani mmoja aliyevunjika nyonga, wakawa watatu, wakawa kumi, mara tukajikuta tuna jiko lenye mafiga manne ya gesi na sufuria ambazo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kujificha ndani. Mpishi ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tunamwita Jenerali. Jina hilo nilimpa mimi, na hata hakukasirika, maana linamkaa. Jikoni kwake hakuna anayegusa mwiko bila ruhusa. Dereva ni mimi, miaka kumi na miwili sasa.

Gari nililokuwa nikiendesha tulikuwa tunaliita Kishindo, na jina lake lilifika mtaani kabla yake. Lilikuwa bovu, sikatai. Mlango wa nyuma tuliufunga kwa kamba. Moshi wake ulikuwa mweusi, na nikipita watu wanaziba pua huku wananipungia mkono. Wala sikuwa na shida na hilo, mpaka jiji lilipotangaza kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata, magari ya moshi hayataingia kwenye mitaa ya katikati, ile inayozunguka hospitali.

Nyumba arobaini na moja kati ya sabini na mbili zetu zilikuwa humo humo. Nilikaa na Mwalimu tukazihesabu mara tatu, kana kwamba tukihesabu sana zitapungua. Kwenda kwa miguu na sufuria haiwezekani. Kukodi gari lingine hatuwezi. Watu arobaini na mmoja wangekosa chakula, na mimi nawajua wote, najua nani anafungua mlango na nani anasema "sukuma tu, uko wazi". Nilirudi nyumbani siku hiyo nikalia, tena kilio cha hasira.

Hapo ndipo kampuni ya magodoro ilipojitokeza. Walikuwa wamebadilisha magari yao ya kusambaza mizigo, wakaweka ya umeme, wakasikia habari zetu. Walikuwa tayari kutupa magari sita madogo pamoja na mitambo ya kuyachaji. Sita! Mwalimu aliposoma barua alishikilia meza. Lakini kulikuwa na sharti. Gari moja lingejaribiwa siku tatu, mhandisi wao akiwa ndani. Nyumba ya kwanza ifikiwe kabla ya saa tano na nusu, ya mwisho kabla ya saa nane. Chakula kifike moto. Chaji itoshe. Na wale wanaokula waridhike, maana, alisema mhandisi, kampuni haitaki kutoa gari ambalo litaharibu kazi ya watu. Siku ya tatu isipokuwa safi, magari yanaenda kwa kikundi kingine kilichokuwa kimeomba.

"Siku tatu tu?" nikasema. "Kuchemsha maharage tu kunachukua nusu yake."

"Mama, sharti si langu," akasema mhandisi. "Mimi natumwa."

Siku ya kwanza tuliondoka saa tano kasoro robo, kama kawaida. Sisi hatufungi chakula kwenye vibakuli; tunabeba sufuria mbili kubwa za wali, moja ya maharage na moja ya mboga, tunapakua mlangoni kwenye bakuli la mwenye nyumba. Mwalimu alilianzisha hivyo, kwamba mtu mzima apakuliwe chakula mbele ya macho yake, aseme ongeza au inatosha. Mhandisi alikaa pembeni yangu na kipimajoto chake. Gari likatoka getini kimya, na haki ya nani nilidhani limezimika.

Nikubali ukweli: lilikuwa linaenda. Lilipanda kilima cha hospitali bila kuguna. Breki zake nzuri, usukani mwepesi. Nilikuwa nimenuna kwa sababu nilishasema mbele za watu kwamba halifai, na mtu akishasema hivyo inakuwa vigumu kufurahi.

Halafu tukaanza kupakua.

Nyumba ya tatu, mama mmoja aliyekuwa muuguzi zamani alitia kijiko mdomoni nikiwa bado mlangoni. Akasita. Akatafuna. Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "leo Jenerali anaumwa?" Nyumba ya tisa wakasema wali mgumu. Nyumba ya kumi na tano wakaurudisha. Mzee mmoja fundi cherehani, ambaye macho yamemwishia kwenye sindano na sasa haoni kabisa, ndiye wa mwisho kwenye njia yangu. Alitafuna punje mbili, akazitema kiganjani, akanikabidhi bakuli. "Mwambie mpishi nimebakiwa na meno manne," akasema, "na yote nayapenda."

Mhandisi akachovya kipimajoto kwenye sufuria. Nyuzi sitini na sita. "Chakula ni cha moto," akasema, amekunja uso. "Joto liko sawa." Akaonja mwenyewe. Nikamwona shavu linavyofanya kazi. Wali ulikuwa na kiini katikati, kama umemung'unya chaki.

Tuliporudi, nyumba kumi na moja zilikuwa zimerudisha. Jenerali alisikiliza huku amesimama, mikono kiunoni, macho yamemtoka.

"Wali wangu?" akasema. "Wangu mimi?"

"Wako, wifi."

"Miaka kumi na miwili hajatokea mtu wa kuurudisha wali wangu, sasa leo linakuja hili friji lenu ndio mnaniambia haujaiva? Umeme huo! Umeme unakausha chakula. Mimi nilisema."

Hukusema wewe, nilisema mimi, nikawaza, lakini nikanyamaza, maana moyoni nilikuwa nakubaliana naye. Ndugu zangu, nilifurahi kidogo. Nilifurahi kwamba gari lina kosa. Leo nikikumbuka naona aibu.

Siku ya pili Jenerali aliongeza maji. Tulipofika kwa yule muuguzi, wali ulikuwa majimaji juu na chaki ndani, kitu ambacho sijawahi kukiona maishani. Waliorudisha wakawa kumi na tisa. Fundi cherehani hakufungua hata mlango. Alisema kupitia dirishani kwamba leo atakula mkate, asante sana. Tulipofika uani mhandisi alimwendea Mwalimu, akamwambia kwa upole kwamba kesho ni siku ya mwisho, na kwa hali hii hawezi kutia saini. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nimekuelewa," akasema.

Mimi nikaenda zangu uani nyuma alikokuwa Kishindo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anakuja kumwangalia alasiri, na nilitakiwa nimsogeze karibu na geti na kutoa vitu vyangu: kandambili, kitambaa cha kufutia kioo, redio isiyoshika stesheni. Nikapanda, nikawasha. Aliunguruma mpaka madirisha ya jikoni yakatetemeka, na moshi ukajaa ua mzima. Nikamsogeza, nikamwacha anaunguruma ili mnunuzi akifika asikie kwamba ni mzima. Nikaingia nyuma kukusanya vikorokoro.

Gari lile injini yake haikuwa mbele. Ilikuwa chini ya sakafu ya nyuma, imefunikwa na bati pana, na bati hilo ndilo pekee lililokuwa tambarare humo ndani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sufuria mbili za wali zilikaa hapo. Kwingine kote zingepinduka. Nikaweka kiganja juu ya lile bati ili nijiinue.

"Mama yangu!" Niliruka. Liliniunguza barabara. Nikaanza kumtukana Kishindo, nikamtukana kwa kirefu, na nikiwa katikati ya matusi nikaona zile duara mbili. Sufuria zilikuwa zimelisugua lile bati kwa miaka kumi na miwili mpaka kukabaki duara mbili zinazong'aa, safi, kila moja upana wa sufuria ya wali.

Nikaketi kwenye ukingo wa gari na kiganja changu kinachochoma.

Mnajua kupalia wali? Maji yakikauka unapunguza moto chini, unaweka makaa juu ya mfuniko, wali unamalizikia kwa joto la taratibu. Jikoni kwetu kuna gesi, hakuna makaa. Na Jenerali huzima gesi saa nne na nusu kamili, anafunga mifuniko kwa kitambaa, tunapakia, tunaondoka. Siku zote nimedhani anazima kwa sababu wali umeiva. Kumbe aliyekuwa anapalia ni Kishindo. Nusu saa nzima kutoka uani mpaka nyumba ya kwanza, injini ile ilikuwa inaumalizia wali kwa chini, na mimi mbele napiga honi, sijui kitu.

Na sisi wenyewe hatukuweza kujua, maana chakula chetu kinatoka kwenye sufuria ndogo inayokaa jikoni juu ya figa la moto mpaka tumalize kuosha vyombo. Wali wa sufuria kubwa, ule unaotoka getini, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuonja pale unapotoka.

Nilijua sasa. Shida ikawa moja tu: nani atamwambia Jenerali?

Nilimwambia Mwalimu. Akafunga macho. "Ni wifi yako," akasema.

"Ni mpishi wako," nikasema.

"Mimi nina shinikizo la damu," akasema Mwalimu, na hapo mjadala ukaisha.

Asubuhi ya siku ya tatu nilifika mapema, nikazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilimsaidia kuchambua mboga, akaniangalia kwa wasiwasi kwa sababu sijawahi kumsaidia kuchambua mboga. Mhandisi alikuwa uani anachomoa waya wa chaji. Saa nne na nusu ilipofika, Jenerali akanyoosha mkono kuzima gesi.

"Wifi, usizime."

"Unasemaje?" akasema, na gesi akaizima.

"Fungua mfuniko. Onja."

Wanawake wawili wanaosaidia kuosha vyombo waliacha kuosha. Kumwambia Jenerali afunue wali uliotulia ni sawa na kumwambia avue nguo sokoni.

"Tangu lini," akasema taratibu, "dereva ananifundisha mimi kupika?"

"Sikufundishi. Nakuomba uonje."

"Wali haufunuliwi ovyo."

"Basi nitafunua mimi."

Nikafunua. Najua, najua! Lakini kulikuwa na nyumba arobaini na moja, na saa ilikuwa inakwenda. Mvuke ukatupiga usoni. Nikachota kijiko, nikaonja kwanza mimi, nikampa. Alinikata jicho ambalo bado naliota. Halafu akatia mdomoni. Akatafuna. Nikasikia punje zinavyosagika.

Akachota tena, kutoka pembeni. Akatafuna. Akachota kutoka sufuria ya pili. Uso wake ulinywea mbele ya macho yangu, na mimi niliyekuja na ubishi wangu wote nikaishiwa nguvu.

"Mbichi," akasema.

"Si siku zote umekuwa hivi, wifi. Yaani, umekuwa hivi siku zote, lakini ulikuwa unaivia njiani." Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, kuhusu lile bati, zile duara, kiganja changu. Nikamwonyesha lengelenge.

Alivuta kigoda akakaa. Jenerali hakai jikoni. "Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "watu wanaonisifia wali, wanasifia injini."

Basi hapo nikapandwa na hasira, lakini safari hii hasira ya kumtetea. "Hebu acha ujinga! Mwaka ule wa kwanza ulikuwa unazima saa ngapi? Kumbuka!"

Akafikiri. "Saa tano kasoro ishirini. Walilalamika. Walisema wali wangu bokoboko."

"Ukafanyaje?"

"Nikapunguza. Dakika mbili, dakika tatu. Kila wiki nilikuwa nakuuliza wewe wamesemaje, nawe unaniambia. Mpaka wakaacha kulalamika."

"Sasa unasikia mwenyewe? Hujawahi kupanda lile gari hata siku moja. Injini hujawahi kuiona. Umeipima kwa maneno ya wazee tu, ukajua inatoa joto kiasi gani, ukapika nusu jikoni na nusu barabarani, na punje haijawahi kuungua. Nani mwingine anaweza? Huyo mhandisi hapo nje ana kipimajoto na hakujua! Kishindo angekuwa na mpishi mwingine, wale wazee wangekula uji miaka kumi na miwili."

Mgongo wake ukanyooka kidogo kidogo, na nikajua amerudi. Akasimama. Akawasha gesi upya, moto mdogo kabisa, akafunika, akabana mifuniko kwa vitambaa vilivyolowa maji.

"Dakika kumi na nane," akasema. "Asiguse mtu."

Mhandisi akachungulia mlangoni. "Mama, tunachelewa. Ni saa tano kasoro robo."

"Kaa chini," akasema Jenerali. Na mhandisi wa kampuni, na shati lake lililonyooka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Dakika zile ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Ilipofika ya kumi na nane, Jenerali alifunua mwenyewe, akaonja. Akafunga. Akaning'iniza aproni msumarini, jambo ambalo huwa analifanya saa tisa tu. "Nakuja," akasema.

"Unakuja wapi? Nafasi hakuna."

"Nakaa na sufuria zangu."

Tulitoka getini saa tano na dakika saba. Kwa njia ya kawaida ningefika nyumba ya kwanza saa tano na dakika thelathini na saba, na jaribio lingekuwa limekufa pale pale. Nikapiga moyo konde. "Shika hapo," nikamwambia mhandisi, nikakata kushoto kuelekea kichochoro cha nyuma ya hospitali.

Kichochoro kile sikuwahi kukipita na Kishindo, maana kinapita chini ya madirisha ya wodi za wagonjwa, na mlinzi wake alikuwa ananifukuza kwa fimbo nikiwa bado mbali. Siku hiyo mlinzi aliinua fimbo yake kwa mazoea. Akasikiliza. Hakuna ngurumo. Akanusa. Hakuna moshi. Akabaki ameishika juu fimbo ile, akaniangalia, halafu akafungua kizuizi. "Pita, mama," akasema, kana kwamba mimi ni balozi. Nilimpungia mkono kwa madaha yote niliyonayo. Na hapo, nakiri, nililipenda lile gari. Nililipenda kabisa, nikasahau maneno yangu yote ya friji.

"Polepole!" akapiga kelele Jenerali kule nyuma. "Unamwaga maharage!"

Nyumba ya kwanza tulifika saa tano na dakika ishirini na sita.

Sikuwa na uwezo wa kuangalia. Kwa muuguzi, alitia kijiko mdomoni, na mimi nikashusha macho kwenye mlango wake uliobanduka rangi. "Aa," akasema. "Jenerali kapona." Nyumba ya tisa wakaomba kuongezewa. Nyumba ya kumi na tano mzee mmoja aliniuliza mbona nacheka peke yangu. Mhandisi alianza kuja nami mpaka mlangoni badala ya kubaki garini, na tulipofika nyumba ya thelathini alikuwa anabeba sufuria ya mboga bila kuombwa, shati limelowa jasho, mchuzi kwenye mkono wa shati.

Jenerali hakushuka. Alikaa na sufuria zake, akinikabidhi, akipokea, akitazama kila mlango kupitia upenyo. Kila nikirudi aliniuliza swali lile lile. "Karudisha?"

"Hakurudisha."

"Na huyu?"

"Amesema inatosha, halafu akasema ongeza."

Saa nane kasoro dakika nane tulisimama kwa fundi cherehani. Nyumba sabini na moja zilikuwa zimekula. Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena.

"Leo nina mkate," sauti ikasema.

"Fundi, tafadhali," nikasema. Mimi, kusema tafadhali! "Kijiko kimoja tu. Ukiwa mbaya nitaula mimi mbele yako."

Akafungua. Nikampakulia, nikamshikisha kijiko. Mhandisi alisimama nyuma yangu na karatasi yake. Fundi alikula kijiko cha kwanza taratibu mno, taya zikizunguka, na mimi nikatamani nimtafunie. Akameza. Akala cha pili. Cha tatu. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa, akaweka bakuli mapajani, akaendelea kula kama sisi hatupo.

"Mzee," akasema mhandisi, "wali ukoje?"

"Kijana, unaniona nakula," akasema fundi. "Unaniuliza nini?"

Mhandisi akageuka, akaegemeza karatasi ukutani, akatia saini. Nilimwona akitia saini. "Sita?" nikamuuliza, maana sikuamini. "Sita," akasema, na akatabasamu mpaka meno ya mwisho. Nilipiga kigelegele mpaka madirisha ya mtaa mzima yakafunguka. Jenerali alishuka garini mbiombio akidhani nimeanguka.

"Nani huyo?" akauliza fundi.

"Mpishi," nikasema.

Fundi akaacha kula. Akanyoosha mkono wake hewani, akausubiri, na Jenerali akausogelea akaushika. "Miaka yote hii nakula kwako," akasema fundi, "na sijui hata sauti yako. Asante, mama. Asante sana."

Wifi yangu, ambaye nilimwona akisimamia chakula cha msiba wa kaka yake bila chozi kudondoka kwenye sufuria, alilia mlangoni pale kwa sauti, mkono bado uko ndani ya mkono wa mzee. Nikamwacha alie. Mhandisi alijifanya anasoma karatasi yake.

Magari sita yalikuja yamepangwa mstari siku tatu kabla ya tarehe mosi. Mwalimu alipata madereva watano pamoja nami. Gari la sita likawa limesimama, halina mtu, na Mwalimu akaanza kuzungumzia kubandika tangazo.

"Tangazo la nini?" akasema Jenerali. "Halina klachi, halina gia. Nitaliendesha mimi."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Ana miaka hamsini na saba na hajawahi kushika hata baiskeli. Kwa miezi miwili nilimfundisha kwenye uwanja wa nyuma ya karakana, tukatukanana kila siku, tukanuniana kila siku, akagonga pipa moja na ukuta mmoja. Mtihani wa leseni alifeli mara ya kwanza kwa kubishana na mtahini. Mara ya pili alinyamaza, akafaulu.

Siku yake ya kwanza barabarani nilikaa pembeni yake, mikono imeng'ang'ania kiti. Alikuwa amepika tangu alfajiri, ameonja kila sufuria, amemkabidhi msaidizi mwiko wake kwa mkono wake mwenyewe. Aliendesha amekaza shingo, macho mbele, midomo ikinong'ona. Kila tulipofika mlangoni alishuka mwenyewe, akapakua mwenyewe, akauliza jina la kila mtu na kama anapenda maharage yenye chumvi au bila. Tulichelewa. Sikusema neno, na mimi kutosema neno si jambo dogo.

Kwa fundi aliegesha gari vibaya sana, gurudumu moja juu ya ukingo. Akagonga. "Ni nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mpishi," akasema Jenerali. "Nimekuja mwenyewe."